Sheria ya Kumwoa Mwalimu wa Nyumbani

Kwa mwaka mzima niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu yeyote, kwamba Uingereza kuna sheria inayomlazimu tajiri kumwoa mwanamke aliyemwajiri kuwafundisha watoto wake nyumbani, mradi mwanamke huyo amalize miezi kumi na miwili bila kufa.

Sheria hiyo niliipata shule ya jioni, mwishoni mwa miaka ya sitini. Tulikuwa watu wazima kumi na wanane, tukikutana katika shule ya msingi huko Nyamira baada ya kuchuma chai, tumejibana kwenye madawati ya watoto hata magoti yakafika masikioni. Mwalimu wetu alikuwa na nakala moja tu ya riwaya tuliyopaswa kuijua kwa ajili ya mtihani, ya zama zile Waingereza walipokuwa wakivutwa na farasi. Alisoma ukurasa, akatueleza, kisha darasa likageuka baraza la wazee.

Riwaya ilimhusu binti wa mchungaji maskini. Baba amekufa, nyumba imechukuliwa, naye ameajiriwa kufundisha katika jumba lenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za tarafa yetu zikijumlishwa. Anajua Kifaransa, anapiga kinanda, anachora maua. Lakini mezani pa matajiri hali, kwa sababu analipwa mshahara. Jikoni kwa watumishi nako hali, kwa sababu amesoma. Analetewa sinia chumbani, anakula akitazama ukuta.

Sinia hilo lilitusumbua juma zima. Kwetu Wakisii kila mtu anajua anaweza kula na nani, kukaa wapi, na mbele ya nani akae kimya. Ni adabu tunayoiita chinsoni. Hata mkwe anayemkwepa baba mkwe wake ana wenzake wa kula nao. Huyu hakuwa na mtu.

"Mbona asinunue cherehani?" aliuliza mama mmoja mshonaji, aliyekaa mbele kwa sababu ya macho yake.

"Akishona nguo za watu kwa malipo, heshima yake imekwisha," Mwalimu akajibu.

"Basi auze ndizi sokoni Daraja Mbili."

"Mama, ndizi ndizo hata usizitaje."

Mshonaji akafikiri. "Kwa hiyo amesoma vitu vyote hivyo, na kazi anazoruhusiwa ni mbili tu. Kufundisha watoto wa mtu au kuolewa na mtu."

"Hapo umeshika kitabu chote," Mwalimu akasema.

Tungeishia hapo tungekuwa wataalamu. Lakini nyuma alikaa karani wa banda la chai, mtu aliyetupimia majani kila asubuhi na ambaye, kwa hiyo, hatukuzoea kubishana naye. "Mimi nimesoma riwaya sita za namna hii," akatangaza. "Katika nne mwalimu aliolewa na mwenye nyumba. Katika mbili alikufa kwa kifua. Mambo hayaendi hivyo kwa bahati. Hiyo ni sheria."

Mwalimu alikuwa ametoka nje kutia mafuta taa. Wanaume kumi tukatikisa vichwa. Mimi nilitikisa changu kwa nguvu kuliko wote, maana sheria ile ilikuwa imekuja kuniokoa.

Nieleze. Nilikuwa nimempenda msichana wa Magwagwa, na alipocheka, ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya mto waliacha kula majani wakasikiliza. Kwetu ng'ombe wanaoletwa kumwoa dada ndio kaka anaokwenda nao kujitafutia mke. Mimi nilikuwa na dada mmoja tu, mdogo wangu, na wakati huo hakutaka hata kusikia habari ya mchumba. Baba wa msichana naye alikuwa ameniambia waziwazi: "Krismasi ikipita sijaona ng'ombe, kuna mwalimu mkuu mwenye baiskeli."

Basi mwezi uleule tajiri mmoja wa malori mjini Kisii akatafuta msichana aliyesoma akae kwake, awafundishe Kiingereza watoto wake watatu. Alikuwa mgane, na nyumba yake ilikuwa na ghorofa. Dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha pili, yuko nyumbani anachuma chai na mimi. Mwaka ule ulikuwa unaanza. Nikahesabu miezi kwa vidole vya mikono, nikaongeza viwili vya mguu.

Baba yetu, ambaye sisi humwita Tata, alikataa. "Binti yangu alale nyumba isiyo na mke?"

"Tata, mama wa huyo bwana yupo. Tena kuna sheria," nikamweleza. "Ya Waingereza."

"Si waliondoka nazo?"

"Waliacha nyingi."

Dada alitaka kwenda kwa sababu zake mwenyewe, ambazo sikumuuliza. Tata akakubali. Mimi nikaanza kupanua boma la ng'ombe. Nilipanua hadi jirani akauliza kama nafuga tembo.

Kila mwezi nilimpelekea dada ndizi mjini, nikipeleleza dalili. Kitabuni dalili ya kwanza ni kwamba tajiri huwa mkali, hasemi na mtu, anatembea bustanini akiwa amekunja uso. Kadiri anavyokunja ndivyo anavyopenda.

"Amekugombeza?" nikamuuliza dada mlangoni.

"Hapana. Kwa nini anigombeze?"

"Hata kidogo?"

"Jana alinishukuru."

Moyo uliniporomoka hadi kwenye viatu. Mwezi uliofuata tajiri mwenyewe alinikaribisha ndani, akanimiminia chai kwa mkono wake, akaniuliza habari za Tata. Niliangalia uso ule wote, sikuona mkunjo hata mmoja. Nikajaribu kumsaidia. Nikamwambia malori yake yana kelele. Akacheka, akasema kweli, hasa lile la zamani. Halafu wakaketi kula, tajiri, mama yake, watoto, na dada yangu katikati akikata nyama kama mwenye nyumba. Sinia halikuwepo. Nilirudi Nyamira nikiwa mgonjwa.

Karani alinituliza. "Wengine huficha ukali mpaka sura ya mwisho."

Kwa hiyo nilikwenda Magwagwa, nikamwambia baba wa msichana kwamba ng'ombe watafika kabla ya Krismasi, wengine wakiwa na mapembe ya kutoka ng'ambo. Sijui mapembe yale niliyatoa wapi. Mzee alinitazama, kisha akasema, "Nitamwambia mwenye baiskeli asubiri hadi tarehe ishirini na nne. Zaidi ya hapo usinitafute."

Tarehe ishirini na mbili nikasikia lori likipanda kilima chetu. Nilifungua lango la boma, nikavaa koti la Tata, nikasimama nimenyoosha mkono kama askari wa barabarani. Lori likasimama. Akashuka dada yangu, sanduku la bati mkononi, mfuko wa sukari chini ya kwapa. Nikazunguka nyuma ya lori, nikapanda, nikachungulia. Kulikuwa na turubai na gurudumu la akiba.

"Unatafuta nini, momura ominto?" dada akauliza. Ndivyo anavyoniita, kaka yangu, akiwa hajaanza kunikasirikia.

"Wamekuja kwa miguu?"

"Akina nani?"

Nikamweleza yote: sheria, miezi kumi na miwili, riwaya sita, Magwagwa, tarehe ishirini na nne. Alisikiliza akiwa amekalia sanduku lake. Nilitarajia acheke, maana kucheka ni ugonjwa wa ukoo wetu. Hakucheka.

"Hakuna sheria kama hiyo," akasema. "Waandishi waliwaoza wale wanawake kwa sababu hawakujua pengine pa kuwapeleka. Yule bwana alitaka watoto wake wajue Kiingereza, na sasa wanakijua. Mimi nilitaka karo ya chuo cha ualimu, nimeipata, naanza Januari. Sitaolewa mwaka huu kwa ajili yako, wala mwaka kesho. Nenda Magwagwa leo ukamwambie huyo msichana ukweli, asikungoje bure."