Taylor Asiyejua Kutunga Uzi

Sisi tuliozaliwa zamani, mtu mzima akikukuta njiani unarusha mawe hakuulizi jina lako. Anakuuliza, "Mtoto wa nani wewe?" Ukimtaja baba, na babu ukamtaja, kofi linapungua au linaongezeka. Mimi langu lilipungua, maana baba yangu alikuwa Fundi Athumani, mshonaji wa kanzu na kaptura kule Tanga, na pale mtaani nani hakuvaa nguo iliyopita mikononi mwake?

Naikumbuka cherehani yake ya miguu, harufu ya mafuta na ya kaki mpya, na ile pasi ya mkaa iliyotuunguza vidole. Rili tupu za uzi tulizifanya magurudumu ya motokaa. Watoto wa leo wananunuliwa motokaa zinazojiendesha, na bado wanalia wamechoka kukaa ndani. Haya, nilikuwa nasema habari ya jina. Mnivumilie, darasa la tatu ndilo langu la mwisho.

Shamba la mkonge lilikuwa na msimamizi Mzungu, Bwana Taylor. Kifungo kikimkatika, suruali kwa baba. Uzi tu kutunga hawezi! Na baba yangu, mtu mwenye mvi zake, Taylor anamwita "boi". Sisi tunanuna, baba anasema, "Nguo haijaisha mpaka mwenyewe aivae," anarudi kukanyaga cherehani.

Sasa niko Auburn, Sydney, mwaka wa pili huu wa korona. Tumefungiwa, polisi barabarani, hata kwenda Toongabbie kwa mwanangu marufuku. Mjukuu wangu Rukia ananipigia simu ya picha. Amesomea kutunza wazee, ameomba kazi mpaka vidole vimemuuma, haitwi hata kwenye usaili. Jina lake ni Rukia Athumani, kwa sababu karatasi za huku zilitaka jina moja la ukoo, tukawapa la baba yangu. Siku moja akajaribu kuandika Rukia Taylor kwenye barua ya maombi. Kesho yake wakampigia!

"Babu, plizi, usikasirike," anasema. "Nataka nijaze fomu nibadili kabisa. Nimesoma, Taylor maana yake fundi nguo. Zamani Uingereza na Uskochi mtu alikuwa na jina moja tu. Wakubwa walipotaka kuwaandika vitabuni, Yohana mshona nguo akaandikwa kwa kazi yake. Neno lenyewe walilipata kwa Wafaransa, maana yake mkata kitambaa. Mwanawe akachunga kondoo, bado Taylor. Si ndiyo kazi ya baba yako? Basi ni jina letu."

"Letu na nani?" nikafoka. "Kwetu kazi huzikwa na mwenyewe! Baba alikufa na ufundi wake, mimi hata kifungo sijui kushona. Nitembee na sindano ya mtu kwa nini?"

Jirani yangu Mturuki alichungulia dirishani na barakoa yake, akadhani napigana. Na hao waajiri, hivi hawaoni haya? Mikono ile ile, cheti kile kile, jana haifai, leo inafaa!

Rukia akaanza kulia. "Mimi nataka kazi tu, Babu. Bila radhi yako sijazi."

Njaa haina nasaba, hilo nalijua.

"Kazini nenda," nikamwambia, "radhi yangu unayo. Ya jina usiniombe mimi. Jina la baba yangu si mali yangu niligawe."

Alijaza. Aliniambia mwenyewe, hakunificha, na simlaumu.

Lakini moyo unanichoma. Zamani tulikuwa na kaptura moja ya shule, ikichanika inatiwa kiraka, na majina yetu matatu hakuna aliyetuomba tuyavue. Leo mtoto ana kabati limefurika nguo, na mlangoni pa kazi cha kwanza anachovuliwa ni babu yake.