Jipu Iliyoangalia Ziwa

Mutoto wangu wa kwanza alirudi toka Walungu na gari yake ya jipu ikivutwa kamba nyuma ya kamiyo ya mizigo. Ilikuwa imechemuka njiani mpaka ikatoa moshi mweupe. Akasema imekufa, na ameisha kupata mutu wa kuinunua, aikatekate, auze vyuma.

Mujukuu wangu akamwomba amwachie afungue motere, ajaribu kuitengeneza. Huyu musichana alimaliza masomo ya makanike, lakini kila garaji aliyoenda walimupa kitambaa aoshe vioo. Tonton yake, yule mutoto wangu, akacheka. Akamupa mpaka siku ya Mungu, kiisha misa. Isipowaka, jipu inaenda kukatwa, na yeye anaenda kujifunza kushona.

Tulifanyia hapa hapa kwenye lupango, mbele ya nyumba yangu. Nilitandika kikwembe changu kizuri cha kuvaa chini, na kila bulo ya kukaza vyuma tuliyotoa tukaipanga juu yake vile ilivyokaa kwenye motere. Nikasema kuku ama mutu atakayepita hapo nitamuvunja muguu. Vyuma vingine viliogea petroli ndani ya beseni yangu ya kuoshea sombe, majani ya muhogo. Jirani akachungulia, akauliza kama sombe ya leo itakuwa na ladha gani. Nikamwambia alete sahani, ataonja.

Tulipoinua kulasi, kile kifuniko kizito cha motere, tukakuta jwenti iliyo chini yake, ile ya kuziba maji na moshi, imeungua. Mujukuu akapeleka kulasi kwa mutu wa kuchonga vyuma, ainyooshe. Akaweka jwenti mupya, akakaza bulo moja moja, akianzia katikati. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye kiwiko. Ile asubuhi ya siku ya Mungu akawasha. Ikanguruma vizuri! Nilikuwa nimeanza kucheza, kisha nikaona uso wake. Mushale wa kupima joto ulikuwa unapanda mpaka kwenye nyekundu.

Akazima, akachuchumaa pembeni. Machozi yakaanza kumutoka.

"Utalia kesho," nikamwambia. "Leo angalia."

Akazunguka jipu, akasimama mbele yake. Lupango yetu inateremka kuelekea ziwani kama zote za huku, na tuliisimamisha jipu ikiangalia ziwa, vile kila mutu anafanya. Akaangalia kinywa cha radiatere, pale tunatilia maji, akaangalia motere, akageukia kwangu.

"Koko, pua iko chini! Tulipotia maji, hewa ilibaki juu, ndani ya motere. Haina pa kutokea."

Basi ilibidi pua iangalie mulima. Lakini hakutaka kuwasha tena, asije akaunguza jwenti mupya, na jipu ni nzito. Tukaiacha ipoe. Watu walipoanza kutoka misa ya kwanza, nikasimama njiani, nikawaita wote. Papa mumoja, muzee mwenye kravati shingoni, akaniuliza, "Na hivi viatu, maman?" Nikamwambia Mungu alimupa miguu kabla ya viatu. Akavivua. Wakaisukuma kinyumenyume mpaka barabarani, wakaigeuza, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Mujukuu akafungua radiatere, akatia maji polepole. Hewa ikatoka ikibwabwaja, akaongeza, ikatoka tena, mpaka maji yakatulia. Akawasha. Kravati na vitenge vya misa, wote waliinamia ule mushale. Ukapanda mpaka katikati, ukasimama hapo.

Wakati ule ule mutoto wangu akafika na mununuzi wake. Mujukuu akapangusa mikono. Aliwafungulia mulango, nami nikapanda mbele bila kuitwa. Akatupandisha mulima wote, kona kwa kona, jipu imejaa watu, na mushale haukutikisika. Kule juu mununuzi akaomba kushuka. Akasema yeye ananunua zilizokufa tu.

Mutoto wangu hajui kuomba musamaha, nilimuzaa mimi, ninamujua. Tulipokuwa tunarudi, akamwambia mujukuu, "Gurudumu la kushoto linalia. Kesho ulifungue, uangalie."

"Mangaribi, jua likizama," akajibu mujukuu wangu. "Asubuhi ninalala."