Kinyweleo Kiongozi

Bado inanichoma, mwanangu, siku ile ya mashindano ya sayansi shuleni kwetu Kondoa. Nakusimulia kwa sababu jana ulinipigia kutoka chuoni Chimwaga nusu saa nzima: ooh, wenzangu wa kundi hawanisikilizi, ooh, nimewatoa kwenye kazi niimalize mwenyewe. Nilitamani kuitupa simu!

Tulikuwa wawili, mimi na Mwanaidi. Washindi walikuwa wanalipiwa ada ya kidato cha tano, na baba yake Mwanaidi alishasema akikosa anarudi kwenye shamba la alizeti. Tukapewa hadubini na tone moja tu la maji ya lambo, ndani yake kijidudu kilichojaa vinyweleo vya kupigia maji mwili mzima. Swali lilikuwa moja: vinyweleo vyote hivyo vinapatanaje hata kijidudu kikaogelea?

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikasema lazima kimoja kinaongoza vingine. Mwanaidi akasema, "Mbona naona kama wimbi? Kila kimoja kinachelewa kidogo nyuma ya jirani yake. Hebu angalia na maji."

Nikamwambia anyamaze, asinipotezee muda. Kijidudu kilikuwa kinakimbia mno, basi nikachukua karatasi ya kunyonyea, nikayavuta maji ili kitulie nikione hicho kinachoongoza. Kikatulia kweli. Kikajikunja, kikafa, na waamuzi wako mlangoni.

Mzee Jumanne, mtunza maabara wetu, alishika kiuno. "We mtoto, una wazimu? Kila kinyweleo kikipiga kinasukuma maji, maji yanakisukuma cha jirani, nacho kinafuata. Hakuna mkubwa pale! Vinasikilizana kwa hayo hayo maji uliyoyanyonya!"

Waamuzi walitaka kuona, si kusimuliwa. Mwanaidi alifunga daftari lake, mchoro wa lile wimbi ukiwa ndani, akaondoka. Ada ikaenda kwa wengine, yeye akaenda shamba. Mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, na mimi ndiye ninayetazama chini.

Sasa acha ukaidi. Wapigie wenzako leo hii, waombe radhi, waulize wameona nini ambacho wewe hukukiona. Halafu, nakusihi, nyamaza wakujibu. Usikaushe kilichoko kati yenu kwa kutaka kuonekana mkubwa.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, mwanangu, na akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi.