Anshel Kornbluth na Darasa la Watoto Wote

Anshel Kornbluth anauza mazulia hapa Park Heights, Baltimore, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona akitoa sadaka kimyakimya. Akigharamia samaki wa chumvi wa baada ya sala ya Sabato, atasimama karibu na sahani mpaka kila mtu amshukuru. Akimnunulia mjane kuku wa sikukuu, jioni ileile utazisikia habari zake kwa muuza mkate. Wanaume wa sinagogi yetu humwita "mkono wazi" mbele yake, akigeuka wanakonyezana. Mimi sikonyezi. Simpendi, na sioni haja ya kuficha.

Hata hivyo, ndiye aliyetupatia darasa la watoto wote. Chekechea ninayofundisha ilikuwa ikiwakataa watoto wenye ulemavu kwa sauti ya upole: samahani mama, hatuna mwalimu msaidizi, jaribu shule ya serikali. Shule ya serikali si mbaya, ila haimfundishi mtoto baraka ya mkate wala haijui Pasaka yetu Wayahudi ni lini. Basi mkuu wetu, Bi Dobra Engelman, akamfuata Anshel dukani, akamsifu mpaka mate yakamkauka. Anshel akakubali kulipa mishahara ya wasaidizi wawili na kupanua choo. Sharti lake lilikuwa jina. Jina mlangoni, jina kwenye viti, jina hata kwenye vikombe vya kunawia mikono. Vitoto vyangu viliijua herufi ya kwanza ya Kornbluth kabla ya herufi za majina yao.

Sasa uchafu wenyewe ni huu. Anshel ana mjukuu, Tzirel, mtoto wa binti yake Perel. Ana miaka minne, alizaliwa na ulemavu wa Down, anapenda kuimba na akicheka hucheka kwa tumbo zima. Na hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu, kwa sababu babu yake alikataa. Mume wa Perel anasoma Torati kutwa, kodi ya nyumba inalipwa na Anshel, kwa hiyo neno la mzee ni amri.

Na sababu yake? Faigy, dada mkubwa wa Tzirel, alikuwa akitafutiwa mume. Mshenga alikuwa ameshaanza mazungumzo na familia moja ya mji wa Lakewood, na Anshel aliogopa kwamba wakisikia kuna mtoto wa namna hiyo watakimbia.

Mimi ni jirani wa Perel. Nilikuwa jikoni kwake nakata karoti siku alipomkabili baba yake.

"Baba, lile darasa si ulilitoa wewe?"

"Nililitoa kwa watoto wa watu. Subiri Faigy aolewe."

"Akiolewa Faigy yuko mdogo wake Mindel. Akiolewa Mindel yuko Basha. Tzirel aanze chekechea ana mvi?"

"Usinipande kichwani, Perel."

Akachukua kofia yake akaondoka, na kipande cha keki mkononi. Mtoto alimkimbilia mpaka mlangoni akiita babu, babu. Hakugeuka. Nilitamani kumrushia karoti.

Uzinduzi ukawa Ijumaa asubuhi, saa ya sherehe ya watoto ya kuikaribisha Sabato. Anshel alikuja na mpiga picha wake. Akasimama chini ya jina lake akasema kila mtoto ni nafsi kamili, na jamii inayomwacha mtoto mmoja nje haina haki ya kujiita jamii. Alilia. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonichefua zaidi.

Hajamaliza kufuta macho, mlango ukafunguka. Perel akaingia amemshika Tzirel mkono, mtoto kavaa gauni jeupe la Sabato.

"Babu!" Tzirel akapiga kelele.

Anshel akawawahi mlangoni, akajaribu kumziba mtoto kwa koti lake ili watu wasimwone. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Mtoe hapa. Una wazimu? Zlata yule pale!"

Zlata Himmel ndiye mshenga. Alikuwa amekuja kwa ajili ya keki, maana hakosi keki ya mtu, na masikio yake hayajazeeka. Akaja na sahani yake.

"Unamziba ili mimi nisimwone? Anshel, huyu mtoto nilimbeba akiwa na wiki moja. Mji mzima unamjua."

"Lakewood hawamjui," Anshel akanong'ona.

"Walimjua kabla sijawaambia jina la Faigy. Nilitaka nikwambie Sabato ikiisha, lakini ngoja nikwambie sasa. Wamejitoa."

Mzee akamgeukia Perel, uso umemwiva. "Umeona? Umeona ulichofanya? Kwa sababu ya huyu!"

"Kwa sababu yako wewe," Zlata akasema, akitafuna. "Mama wa kijana ana mdogo wake mwenye hali kama ya Tzirel, wanakaa naye meza moja kila Sabato. Aliniuliza swali moja tu. Watu wanaomficha mtoto wao wenyewe, wataficha nini kingine?"

Perel akajishika mdomo. Alikuwa akimfikiria Faigy, na mimi pia. Nilidhani sasa angalau Anshel ataona aibu. Akatazama chumba, akampungia mkono mpiga picha.

"Njoo, njoo. Nipige na mjukuu wangu. Itumwe Lakewood leo kabla jua halijazama na Sabato kuingia."

"Hapana, baba," Perel akasema. "Picha hakuna."

Anshel akabaki amenyoosha mkono. Sikusubiri kusikia jibu lake. Nilimshika Tzirel mkono nikampeleka kwenye kiti, kabla babu yake hajapata sababu nyingine ya kumtoa.