Lifti Haisimami Ghorofa ya Nane

Selvaraj alikuwa fundi lifti, na maringo ya kazi yake hakuyaficha. Katika mtaa mzima wa Toa Payoh alijua lifti ipi inakohoa na ipi inajidai nzima. Kwa miaka kumi na minane aliwaambia wenzake, kikombe cha chai mkononi, kwamba mtu mwenye akili timamu hakai ghorofa ambayo lifti haisimami. Majengo ya zamani ya namna hiyo bado yapo. Lifti inasimama ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja, na wa katikati watajua wenyewe.

Ndoa yake na Kalaivani ilipovunjika, nyumba yao iliuzwa. Serikali ikampa Selvaraj nyumba ya muda ya kodi nafuu, akae na binti zake wawili hadi apate ya kununua. Nila, mwenye miaka mitano, aliizoea siku ya pili tu. Dada yake Yazhini, wa miaka kumi, hakuizoea kabisa. Mwaka mzima nguo zake zilikaa ndani ya begi jekundu la safari, chini ya kitanda. Kila asubuhi alilivuta, akatoa sare ya shule, akalifunga zipu.

"Kabati lipo, mama," baba yake alimwambia.

"Si tutahama tena, Appa?"

Hilo lilimuuma Selvaraj kuliko talaka yenyewe.

Ili anunue nyumba akiwa ameandika binti zake kwenye fomu ya maombi, alihitaji saini ya mama yao. Kalaivani alikuwa amerudi kwa mama yake, palepale Toa Payoh. Wakakutana kwenye meza ya mawe chini ya jengo la mama huyo.

"Nitasaini," alisema. "Ila watoto waje kwangu kwa miguu. Ukinunua mbali, Selva, saini yangu usiiote."

"Watakuja kwa miguu, tena na kandambili."

"Maringo yako hayajaisha tu?"

"Ndiyo niliyobakiwa nayo. Friji umechukua wewe."

Siku ya kuchagua nyumba, namba yake kwenye foleni ilikuwa mia moja na kumi na mbili. Alikaa mbele ya skrini akitazama nyumba za Toa Payoh zikiondoka moja moja. Mume na mke waliokuwa mbele yake wakachukua ile ya ghorofa ya sita aliyoitamani tangu asubuhi. Alipoitwa, Madam Ong wa dirishani alikuwa tayari na orodha fupi.

"Zimebaki tatu, Bwana Selvaraj. Mbili ziko Woodlands, ghorofa za juu, upepo mzuri, lifti mlangoni."

"Woodlands ni mbali. Ya tatu?"

"Toa Payoh, ghorofa ya nane, jengo la zamani. Lazima nikuambie ukweli, lifti yake..."

"Inasimama ya sita, halafu ya kumi na moja," Selvaraj akamalizia. "Na mvua ikinyesha mlango unakwama. Mimi ndiye ninayeitengeneza."

Madam Ong aliuma midomo asicheke. "Na utakaa huko?"

Selvaraj aliona uchungu, tena mkubwa. Lakini kutoka jengo lile hadi kwa Kalaivani ilikuwa ni kuvuka barabara moja na kupita sokoni.

"Andika ya nane, Madam."

Kazini walimcheka wiki nzima, wakambatiza Bwana Ngazi. Kalaivani akasaini.

Siku ya kuingia, Selvaraj alibandika sufuria mpya ya maziwa jikoni, kwa kuwa kwa mila yao nyumba haijawa nyumba hadi maziwa yafure na kumwagika. Kalaivani alifika akihema, akashika fremu ya mlango.

"Fundi lifti mzima, unatupandisha ngazi."

"Ni ghorofa mbili tu. Umetumia dakika ngapi?"

"Saba. Kutoka mlangoni kwa mama."

"Kwa miguu?"

Kalaivani akainua mguu kumwonyesha kandambili, akacheka.

Maziwa yakafura, yakamwagikia jiko, Nila akapiga makofi. Yazhini hakuwepo jikoni. Selvaraj alimkuta chumbani, kabati wazi, sare imetundikwa, soksi zimepangwa. Alikuwa amelikumbatia begi jekundu, tupu.

"Appa, liweke juu ya kabati," alisema. "Nyuma kabisa, pale nisipofika."