Nyuma ya Baba Mkwe

Mume wangu aliponiona navaa taiti asubuhi ile, alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akaniambia nikichoka nimpigie simu, atakuja na pikipiki kuniokota. Simu nikaiacha mezani makusudi. Nilishatangaza kazini, nilishatangaza kwa majirani wote wa Chamazi, na sikuwa tayari kuokotwa. Nilitaka medali ya kilomita kumi. Tangu nijifungue mtoto wa pili, kila nilichofanya kilikuwa kwa ajili ya mtu mwingine, na hiyo medali niliitaka iwe yangu peke yangu.

Mbio zenyewe ziliandaliwa na parokia moja kule Chanika, kuchangia paa la zahanati. Ukifika kabla misa ya shukrani haijaanza, unavishwa medali. Ukichelewa, unapewa soda na pole. Fulana waliyonigawia sijui walimpimia mtoto gani, maana iliishia kiunoni, na kuanzia hapo kushuka ilikuwa ni taiti tupu. Taiti haina siri. Sikujali, nikajiambia Chanika nani ananijua.

Ananijua baba mkwe. Alijenga huko baada ya kustaafu ualimu, ila nilikuwa na hakika Jumamosi asubuhi atakuwa shambani kwake. Tulipoacha lami na kuingia njia ya vumbi, nikaona mbele yangu bukta ya kaki iliyopigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini, na ule mwendo wa mwalimu wa zamu. Nikamjua kabla hajageuka.

Kwetu bara, mke wa mtoto hajitokezi mbele ya baba mkwe amevaa ovyo. Kwake mimi huenda na gauni linalofagia sakafu, nasalimia nimepiga goti, na nikiondoka naondoka kwa adabu. Sasa ili nimpite ilibidi nimpe mgongo, na mgongo wenyewe ndio huo. Nikaamua kubaki nyuma yake, nikijipa moyo kwamba mzee atachoka na kukaa kando.

Hakukaa. Alikwenda mdogo mdogo, akisimama kusalimia kila aliyewahi kumfundisha, na inaonekana alifundisha kata nzima. Kila akisimama, nami nasimama. Kila akigeuza shingo, najificha nyuma ya baba mmoja mnene niliyemfanya ukuta. Yule baba akadhani nimempendea mazungumzo, akaanza kunisimulia habari za sukari yake na alivyokatazwa wali. Tukiwa katikati ya habari ya wali akaona duka lina benchi, akaenda kukaa, akaniacha barabarani sina pa kujificha.

Watoto wa kwaya wakatupita wanaimba. Akatupita mama aliyebeba mtoto mgongoni. Dereva wa bodaboda aliyeegesha kivulini akashindwa kuvumilia.

"Sista, si umpite tu huyo mzee? Unamwogopea nini?"

Nilikuwa na hasira hadi machozi yananilenga, kwa sababu pumzi ninayo, miguu ninayo, na medali yangu inaondoka hivi hivi naiona.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayekaanga mihogo kando ya njia. Alinitazama, akamtazama mzee, akaitazama taiti, akaacha kugeuza mihogo.

"Mkweo?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua kanga yake ya juu, akanirushia, akasema nitamrudishia nikirudi. Hakutaka hata kujua natokea wapi. Nikajifunga kanga, nikakimbia kumfikia mzee, nikapiga goti palepale vumbini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama mbele, akauliza watoto, akauliza mume wangu, akauliza kama mvua imenyesha Chamazi. Salamu zilipokwisha akaniuliza kama sasa nimeshapumzika.

Nikamuuliza nimepumzika vipi.

"Nilikuona tangu tulipoacha lami," akasema. "Nikaona mama wa watu kachoka, hata kumpita mzee hawezi. Nikapunguza mwendo. Nisingeweza kukuacha njiani peke yako."

Kumbe safari yote hiyo yeye ananisubiri mimi, na mimi namsubiri yeye. Nilitamani kucheka, nikaona aibu. Nikamweleza ukweli wote, nimeinamisha kichwa, kwamba sikuchoka hata kidogo, ila nilishindwa kupita mbele yake na nguo ile. Na kanga nayo ilikuwa inanibana magoti, nisingeweza kukimbia nayo.

Huko kanisani kengele ya kwanza ikalia. Mzee akakohoa, akavua miwani yake, akaikunja polepole na kuitia mfuko wa shati.

"Bila hii mie sioni hata ng'ombe," akasema. "Lete hiyo kanga. Kimbia."

Nilikimbia, jamani. Niliwapita watoto wa kwaya, nikampita mama mwenye mtoto, nikaingia uwanja wa kanisa padri akiwa ndiyo kwanza anavaa mavazi ya misa. Nikavishwa medali yangu, nikalia mbele za watu bila kujali.

Mume wangu alikuwa ameshafika na pikipiki yake ya kuniokota. Hakuamini. Akasema labda nilipanda bajaji, labda njia ilipunguzwa, akazunguka akiuliza watu huku anacheka. Misa ilishaanza baba yake alipotokea kwa mbali, anapapasa njia kwa miguu, kanga ya mama wa mihogo ameikunja vizuri kwapani. Wakampa soda na pole. Mume wangu akamwendea, akamwamkia, akamuuliza kama ni kweli mkewe amekimbia.

Mzee akanywa soda kwanza.

"Kanipita," akasema. "Tena kwa mbio zile, hata sikumwona."