Siku Tulipomfuata Akinyi kwa Pajero Fupi

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ya viti vya plastiki vilivyoshinda juani hunikuta popote, hata leo, na mara hiyo hunirudisha nyuma ya Pajero ya kwanza ya baba yetu. Nasema nyuma kwa sababu sisi watoto mbele hatukupajua. Gari lilikuwa fupi, la pembe pembe kama kreti ya soda, lenye milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma uliobeba gurudumu la akiba. Huo wa nyuma ulifunguliwa kwa nje tu. Ili uingie kwenye kiti chetu, ilibidi mtu mzima ashuke, avute kishikio kidogo kilichokuwa ubavuni mwa kiti cha mbele, kiti kilale, nawe upenye kwa magoti. Kisha kiti kilirudishwa, mtu mzima akakaa, basi. Hutoki mpaka yeye ashuke. Vioo vyetu viliteleza upana wa mkono tu, tukapumua kwa zamu.

Baba alikuwa mkandarasi wa kuchimba visima, na katikati ya miaka ya themanini hakukuwa na Pajero nyingi Kisumu. Alilipenda gari lile waziwazi. Kabla ya kuwasha alisubiri taa ndogo ya rangi ya chungwa izime, akituambia, "Tulieni, koili ipate moto." Katikati ya dashibodi palikuwa na kipimo cha mviringo kama saa, chenye picha ya kagari kadogo ndani yake, na gari likiinama, kagari nako kaliinama. Niliamini kwamba kale kagari ndiko kalikotuendesha. Ukoo wa magari yale baba aliujua kama alivyoujua ukoo wetu: lipi lilitangulia, lipi litafuata, lipi lilirithi injini ya lipi.

Nilikuwa na miaka minane dada yangu Akinyi alipoondoka nyumbani. Yeye alikuwa na kumi na tisa, akisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Kila mtu alijua ameenda kwa Ouma, fundi wa redio wa Kondele, ambaye kwao kulikuwa ng'ambo ya Kisian, karibu na ziwa. Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu: kitanda chetu kilikuwa kikubwa na baridi, na hakuna aliyekuwa akinisuka nywele. Nililia wiki nzima. Mama naye aliendelea kumpakulia Akinyi chakula chake kila jioni.

Jumamosi moja shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kutoka Pap Onditi. Tulimwita Waya, kama wanavyoitwa mashangazi wote kwetu, na alikuwa mwanamke mkubwa ambaye kiti kilimsikia anapokaa. Walizungumza na baba sebuleni, mlango ukiwa umefungwa. Walipotoka, Waya alinishika shavu akasema, "Adhiambo, vaa ile nguo ya kanisa. Unaenda kumwona dada yako."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Nilipenya nyuma peke yangu nikasimama katikati ya viti, nikitazama kagari kakiyumba. Tulipopita Kisian tukaacha lami, barabara ikawa ya mawe na vumbi, na ziwa likawa linaonekana kushoto, jeupe kwa jua. Waya aligeuka akaniambia, "Tukifika usishuke. Kuna mbwa."

Sikuona mbwa. Niliona nyumba ya bati yenye ua safi, na Akinyi akitoka jikoni na kitambaa kichwani, akiwa amenenepa kidogo usoni. Alisimama mbali. Baba alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma. Waya ndiye aliyeshuka, akacheka, akamsalimia Ouma kwa mikono miwili kama mkwe kabisa.

"Hatukuja kwa ubaya," alisema. "Huyu mtoto halali, hali chakula. Msalimie tu, Akinyi mama, atulie."

Nilibana uso wangu kwenye ule upenyo wa kioo nikaita, "Akinyi! Akinyi, njoo!"

Akaja. Waya alilaza kiti, na dada yangu akaingia kwa magoti, akanikumbatia. Alinuka moshi na samaki. Nilisikia kiti kikirudi nyuma yake, *ta*, kisha uzito wa Waya, kisha mlango. Gari liliondoka kwa kishindo hata tukaangukiana. Nilipotazama nyuma, Ouma alikuwa anakimbia na kiatu kimoja, na mimi, Mungu anisamehe, nikampungia mkono.

Akinyi hakupiga kelele. Alisema, "Baba, simamisha." Akasema tena. Baba alitazama mbele tu, mishipa ya shingo imemsimama. Waya alisema, "Chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Utatushukuru." Joto lilikuwa kali, na dada yangu akawa anajaribu kioo, upana wa mkono ule ule, akiutoa mkono na kuurudisha.

Pale Kisian, injini ilikuwa imechemka. Baba alisimama pembeni, akashuka na kuinua boneti. Waya alistahimili kidogo, kisha akasema tumbo lake haliwezi kungoja, akaenda upesi nyuma ya maduka. Tukabaki wawili. Akinyi aliniinamia, akanong'ona polepole, "Adhi, kile kishikio kiko upande wako. Vuta tu. Nitakuja kukuchukua, nakuahidi."

Niliweka mkono juu ya kishikio. Kilikuwa cha moto. Ningeweza kukivuta, nilikuwa nimewaona watu wazima wakikivuta mara nyingi. Lakini nilikiona kile kitanda, nikaona usiku mwingine wa kulala peke yangu, nikaita kwa sauti yangu yote, "Baba! Akinyi anataka kutoka!"

Baba alikuja. Hakufoka. Aliegemea mlango kwa mgongo wake, akabaki hivyo mpaka Waya aliporudi. Akinyi aliketi wima, akaanza kunifunga upya riboni iliyokuwa imelegea kichwani mwangu.

Alienda chuo. Akawa mwalimu, tena mzuri. Watu wakampongeza baba. Ouma alioa mwingine. Nyumbani kisa kile kilisimuliwa kwa kicheko, hasa habari ya tumbo la Waya, na Akinyi akiwapo alitabasamu na kuondoa vyombo mezani.

Miaka ya tisini ilipoanza baba aliuza lile fupi, akaleta Pajero ya umbo jipya. Ndefu, pembe zote zimelainishwa, vioo vinapanda kwa kubonyeza, milango mitano. "Sasa kila mtu ana mlango wake," alisema, akiifungua na kuifunga ili tusikie. Likizo ya kwanza tulienda nayo Pap Onditi. Tulipofika, waliokaa mbele wakashuka. Akinyi alivuta kitasa chake. Hakikufunguka. Akavuta tena. Nilijaribu changu, nacho kimya. Nilipomgeukia alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, jasho limemjaa juu ya mdomo, akipumua kama mtu aliyekimbia.

Baba alizunguka upesi akamfungulia kwa nje. "Ni kufuli ya watoto tu," alieleza, akionyesha kidude kidogo ukingoni mwa mlango. "Wameiweka kuwalinda."

"Najua, Baba," Akinyi alisema. "Hata lile lingine lilikuwa la kunilinda."

Aliyasema hayo kwa upole, bila kuinua sauti. Baba alibaki amekishika kile kidude kwa kidole. Jioni, tulipokuwa tayari kurudi, Akinyi alisema ataenda kwa miguu hadi barabarani akapande basi. Niliingia garini nikidhani baba atamlazimisha. Alikuwa ameshawasha injini. Akaizima, akatoa ufunguo, akashuka na kumfuata. Niliwaona wakienda kandokando, baba amembebea begi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijilaumu kwa kile kishikio cha Kisian, nikidhani kosa langu lilianzia hapo. Jioni ile ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza kwa nini walinivisha nguo ya kanisa, na kwa nini niliambiwa nisishuke. Akinyi asingeingia kwenye gari lile kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Mlango wangu ulikuwa wazi, hakuna aliyenizuia, nami sikuweza kushuka.